Risala Zivukazo Bahari Vipande Vipande

Mwezi wa Januari mwaka 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa vibaya na Wazulu mahali paitwapo Isandlwana, na habari ya msiba huo haikufika London mpaka tarehe 11 Februari, kwa sababu kusini ya Afrika ilikuwa bado haijaunganishwa na Ulaya kwa waya wa telegrafu, na hapakuwa na hila nyingine ila kuipakia barua merikebuni na kungoja merikebu ifike bandari yenye waya. Kabla mwaka huo haujatimia, kampuni iliyoitwa Eastern and South African Telegraph ilikuwa imekwisha kulaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Msumbiji na Durban. Na hivyo Unguja ya Sultani Sayyid Barghash, iliyozoea kupokea habari za ng'ambo kwa jahazi za kaskazi na meli za posta, ikaanza kupata za Ulaya siku ile ile zilipotokea, au kesho yake.

Waya ule ulikuwa wa shaba, umevikwa utomvu mgumu wa mti wa Malaya uitwao gutta-percha ili umeme usivujie katika maji ya chumvi, na juu ya utomvu zikazungushwa nyuzi za chuma ili miamba isiukwaruze. Karani aliyeketi Aden alikuwa na ishara mbili tu mkononi mwake: mkondo wa umeme wa upande mmoja ulisimama badala ya nukta, na mkondo wa upande wa pili badala ya kistari, na kwa mbili hizo aliandika herufi zote na tarakimu zote. Kwa kuwa umeme hudhoofika kwa kadiri ya urefu wa njia, risala ya Durban haikuweza kusafiri kwa mruko mmoja: ilipokewa kituoni Unguja, ikaandikwa, ikatazamwa inakokwenda, kisha ikapigwa upya kuelekea kusini na karani mwingine ambaye hakuwa na haja ya kuielewa, na aghalabu asingeweza kuielewa hata kama angetaka, kwani wafanyabiashara walifupisha mambo yao kwa maneno ya siri ili kupunguza gharama iliyohesabiwa kwa neno.

Msomaji na amweke moyoni karani huyo wa Unguja, mwenye kupokea asichokielewa na kukipeleka mbele kwa kutazama anwani peke yake, maana tutakutana naye tena akiwa amevaa vazi jingine. Mtandao wa kompyuta tulio nao leo umerithi kwake karibu kila kitu: ishara mbili, anwani, na vituo vya kati visivyojua maana. Jambo moja kubwa umeliongeza, nalo ndilo ninalokusudia kulizungumza, kwa kuwa wengi husifu mwendo wake wa kasi na kuliacha hili: kwamba mtandao huu umejengwa na watu waliochukulia tangu mwanzo kuwa ujumbe utapotea njiani, wakapanga kila kitu kwa kufuata dhana hiyo.

Tuanze na zile ishara mbili. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitoa makala iliyothibitisha kwa hesabu kwamba habari ya namna yoyote, iwe maneno, sauti au picha, yaweza kupimwa kwa kipimo kimoja kiitwacho biti, yaani uchaguzi baina ya mambo mawili, sifuri au moja. Alithibitisha pia jambo lililowashangaza wahandisi wa zama zake, kwamba hata njia iliyojaa makelele yaweza kupitisha habari kwa makosa machache kadiri mtu apendavyo, mradi tu asizidishe mwendo kupita kiasi ambacho njia ile inaweza kubeba. Biti nane hufanya baiti moja, na baiti moja yaweza kuwa na sura 256, ambazo zatosha kabisa kwa herufi zetu. A kubwa, mathalan, huandikwa 01000001. Hapa pana mtego mdogo wa kibiashara ambao mnunuzi wa bando hana budi kuujua: ukubwa wa bando huhesabiwa kwa baiti, ilhali kasi ya mtandao hutangazwa kwa biti, hata mtu anayeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde hupata megabaiti 1 tu kwa sekunde hiyo, tena ikiwa njia ni nyeupe.

Simu za zamani zilifanya kazi kwa kushika njia nzima. Mtu wa Tanga alipozungumza na mtu wa Mwanza, waya wote baina yao ulikuwa mali yao mpaka wakate, hata pale walipokaa kimya wakitafuta la kusema. Utaratibu huo unafaa kwa mazungumzo, lakini kwa kompyuta ni ubadhirifu, kwa sababu kompyuta hunena kwa mafungu, kishindo cha mara moja kisha kimya kirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Baran wa taasisi ya RAND huko Marekani, akiwaza namna ya kuunda mawasiliano yatakayosalia hata baada ya vituo vingine kuteketezwa na mabomu, alishauri kwamba ujumbe ukatwe vipande vidogo na kila kipande kijitafutie njia. Na bila ya kujuana naye, Donald Davies wa maabara ya taifa ya fizikia huko Teddington, Uingereza, akaifikia fikra hiyo hiyo mwaka 1965, na ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti ambalo vinaitwa mpaka leo.

Aliyewahi kuona samadari ikihamishwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja ameuona msingi wa jambo hili: kitanda hakipiti kizima, basi hufunguliwa, kila mbao ikatiwa alama, hamali mmoja akashika njia ya Shangani na mwenzake akapitia Sokomuhogo, na mwenye kitanda akakiunga tena chumbani kwa kufuata alama, bila ya kujali nani alitangulia kufika. Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500, kwa hiyo picha moja ya simu yenye megabaiti 3 huondoka mkononi mwa mwenyewe ikiwa vipande zaidi ya 2,000, na kila kipande kimebeba utosini anwani ya kiendako, anwani ya kitokako, namba yake katika mfuatano, na hesabu ndogo ya kuhakiki ambayo mpokeaji huifanya upya ili ajue kama kuna biti iliyogeuka njiani.

Karani wetu wa Unguja sasa ni mashine iitwayo ruta. Hupokea pakiti, hutazama anwani, hulinganisha na jedwali lake, kisha humtupia jirani anayeelekea upande ule. Safari nzima haijui, na wala haiulizwi. Foleni ikijaa kupita nafasi aliyo nayo, huziacha pakiti zinazozidi zipotee, wala hana wajibu wa kumwarifu mtu. Kila pakiti, tena, huzaliwa na umri wake, ambao aghalabu ni 64 au 128, na kila ruta inayoipitisha huupunguza kwa moja. Umri ukifika sifuri pakiti hutupwa papo hapo, kwa sababu bila ya sharti hilo majedwali mawili yaliyokosea yangeweza kurushiana pakiti moja milele, na mtandao ungejaa mizimu ya barua zisizofika wala kufa.

Mtu aliyezoea posta au benki atauona utaratibu huu kuwa wa kizembe, na mimi nakiri kwamba ni wa ujasiri mno. Hata siku ya kwanza kabisa ya ARPANET, babu wa mtandao wa leo, tarehe 29 Oktoba 1969, ilipojaribiwa kupelekwa neno LOGIN kutoka chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles hadi taasisi ya utafiti ya Stanford, zilifika herufi mbili, L na O, kisha kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Waliokuja baada ya hapo hawakujitahidi sana kuifanya njia iwe aminifu. Louis Pouzin wa Ufaransa, katika mtandao wake wa CYCLADES, alishikilia kwamba katikati pabaki pajinga na dhamana yote iwe juu ya miisho miwili. Na Wamarekani Vinton Cerf na Robert Kahn, katika makala yao ya mwaka 1974, wakaweka itifaki iliyokuja kuitwa TCP, ambayo pamoja na mwenzake IP ilianza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983, na ndiyo ambayo simu ya msomaji inaitumia dakika hii.

Namna TCP inavyofanya kazi ni hii. Kwanza mpeleka hutuma salamu, mpokeaji huijibu, na jibu nalo hujibiwa, ili pande zote mbili zithibitishe kwamba zinasikilizana. Kisha vipande huanza kwenda, na mpokeaji hurudisha habari kila mara ya kwamba amepokea mpaka baiti ya namba fulani. Mpeleka huweka nakala ya kila alichokituma mpaka apate stakabadhi yake. Stakabadhi ikikawia kupita muda ambao yeye mwenyewe ameukadiria kutokana na safari zilizotangulia, huhesabu kwamba kipande kimepotea, akakituma upya. Hamna katika safari yote hiyo hata mtu mmoja wa kati aliyeahidi chochote.

Ubora wa mpango huu ulikaribia kuwa ndio maangamizi yake. Mwaka 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majengo yasiyoachana hata nusu kilomita, mwendo wa mtandao uliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, yaani herufi tano tu kwa sekunde. Hapakuwa na waya uliokatika. Foleni zilikuwa zimejaa, ruta zikatupa pakiti, wapelekaji wakadhani zimepotea wakazituma tena, foleni zikazidi kujaa, ruta zikazidi kutupa. Kila mmoja akitimiza wajibu wake kwa uaminifu, na wote pamoja wakiiziba njia. Van Jacobson, aliyekuwa katika maabara hiyo, alitoa dawa katika makala ya mwaka 1988: mpeleka aanze kidogo kidogo, aongeze kiasi kila apatapo stakabadhi, na mara anapoona kipande kimepotea apunguze mwendo, awaachie wenzake nafasi. Kwa dawa hiyo upotevu uliacha kuwa ajali ukawa ndiyo habari yenyewe, kwa kuwa ruta isiyoweza kusema neno husema kwa kutupa, na miisho hufahamu. Sijui kanuni nyingine ya adabu inayotiiwa na viumbe wengi hivyo bila ya askari wa kuisimamia.

Kuna mahali ambapo kurudia hakufai. Sauti ya mtu anayezungumza ikipungukiwa na kipande, hakuna faida kukiagiza upya, maana kitakapofika neno lake litakuwa limekwisha pita. Kwa hiyo mazungumzo na mikutano ya video aghalabu hutumia itifaki nyepesi iitwayo UDP, isiyodai stakabadhi, na ndiyo sababu sauti ya ndugu aliye Maskati au Toronto hukatikakatika wakati mtandao umeelemewa, ilhali barua yake ya maandishi hufika kamili, hata kama imechelewa.

Sasa turudi baharini. Mpaka mwaka 2009 pwani hii ya Afrika Mashariki ilizungumza na dunia zaidi kwa satelaiti, kwa njia ya vituo kama kile cha Longonot kilichofunguliwa Kenya mwaka 1970. Satelaiti za namna ile husimama karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo kupanda na kushuka kwa ishara huchukua karibu robo ya sekunde, na swali pamoja na jibu lake huchukua nusu. Nusu sekunde ni kitu kidogo kwa mtu, lakini msomaji aliyefuata mpango wa Jacobson ataona balaa yake: mpeleka huongeza mwendo kila apatapo stakabadhi, na ikiwa kila stakabadhi inakawia nusu sekunde, basi kuongeza nako hukawia, na ukurasa mwepesi huweza kumalizika kabla mpeleka hajathubutu kuamsha nguvu zake. Watu walilalamikia wembamba wa njia, nao walikuwa na haki, ila urefu wake pia ulikuwa ukiwatesa kimya kimya.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM, yaani kebo ya baharini yenye nyuzi za kioo zipitishazo mwanga, ulifunguliwa, ukipita Dar es Salaam na Mombasa; mwaka huo huo ukafika Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, na mwaka uliofuata EASSy ulioanzia Mtunzini, Afrika Kusini, na kuishia Port Sudan. Kwa sadfa nzuri, ni mwaka huo wa 2009 ambao Charles Kao alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoifanya mwaka 1966 huko Uingereza, alipodai kwamba mwanga hufia ndani ya kioo kwa sababu ya uchafu uliomo na si kwa asili ya kioo, na kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mwanga utasafiri masafa marefu. Ndani ya kioo mwanga huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 10,000 huimaliza kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde.

Mkongo wenyewe, katika kina kirefu, unene wake ni kiasi cha sentimita 2 tu, na ndani yake mna nyuzi chache za kioo zenye upana wa mikromita 125 kila moja. Zimezungukwa na bomba la shaba linalochukua umeme kutoka nchi kavu kulisha vikuza mwanga vilivyopangwa chini ya bahari kila baada ya makumi ya kilomita, kwani mwanga nao huchoka kama ulivyochoka umeme wa mwaka 1879. Karibu na ufuko, penye nanga na nyavu, huvishwa deraya ya nyuzi za chuma.

Deraya hiyo haitoshi daima. Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli iliyokuwa nje ya bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaukata mkongo wa TEAMS. Msiba mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2024: mwezi wa Februari mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu ilikatika, SEACOM ikiwemo, na kabla haijatengenezwa, tarehe 12 Mei, SEACOM na EASSy zote mbili zikakatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, siku moja. Pwani ikawa imebanwa kaskazini na kusini. Hapo ndipo dhana ya upotevu ilipopimwa kwa mizani ya kweli: ruta zilibadili majedwali yao, pakiti zikamiminika katika njia chache zilizosalia, foleni zikajaa, pakiti zikatupwa, na mamilioni ya wapelekaji wasiojuana wakapunguza mwendo kila mmoja kwa upande wake, ndiyo maana watu wengi wa Dar es Salaam waliona mtandao mzito unaovuta miguu, badala ya giza tupu. Itifaki ilitenda yote iliyoweza. Inaweza kumrudisha aliyepotea, lakini njia isiyokuwapo haiwezi kuiumba, na kuongeza njia ni kazi ya fedha na siasa, ambazo hazina stakabadhi.

Mafundi hupajua palipokatika kwa kutuma mwale wa mwanga kutoka ufukweni na kupima muda wa mwangwi wake. Kisha meli maalumu huenda, ikashusha ndoana, ikaivua ncha moja na ya pili, na nyuzi zikaungwa kwa moto sitahani.

Lakini si kila pakiti ina sababu ya kugusa bahari. Kabla ya mwaka 2000 mtu wa Nairobi aliyemwandikia jirani yake mwenye kampuni nyingine ya intaneti aliipeleka barua yake kwa satelaiti hadi Ulaya au Marekani na kuirudisha kwa satelaiti tena, na gharama ya safari zote mbili ikalipwa kwa fedha za kigeni. Novemba mwaka huo makampuni ya huko yaliungana yakaweka kituo cha mabadilishano kiitwacho KIXP, ambapo nyaya zao zilikutana chumba kimoja. Kampuni ya taifa ya simu, iliyokuwa na haki ya peke yake juu ya mawasiliano ya nje, ikalalamika, na baada ya muda wa wiki mbili hivi msimamizi wa serikali akaamuru kifungwe, ikawapasa wenye kituo wafundishe kwa subira kwamba pakiti ya Nairobi kwenda Nairobi si mawasiliano ya kimataifa. Kikafunguliwa tena Februari 2002, kwa leseni, na Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake mwaka 2004. Vituo vipo, basi, na vinafanya kazi; ila si tovuti chache za magazeti, vyuo na idara zetu ambazo mpaka leo zimewekwa katika kompyuta za Ulaya na Marekani kwa sababu kodi yake ni nafuu, na msomaji wa Temeke aliyetaka kusoma juma lile la Mei 2024, mikongo ilipokatika, habari iliyoandikwa Mwenge, katika jiji hilo hilo, alikuwa akiingoja, pakiti baada ya pakiti, kutoka ng'ambo ya bahari.